Muuzaji wa kompaila ya Ada anatafuta wateja nje ya jeshi: tununue?

*"Mwalimu, jambo. Tuko vijana wanne hapa Lubumbashi, tunatengeneza vidhibiti vya pampu za foraji (visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine) na vya jenereta kwa vituo vya afya, shule na viwanda vidogo vya hapa na Likasi. Mpaka sasa tunaandika kwa lugha ya C kwenye bodi ndogo za Arduino. Mwaka huu mkandarasi mmoja wa migodi ametuuliza kama programu yetu ni salama na kama tuna karatasi za kuthibitisha. Mwenzetu akashauri tuhamie lugha ya programu iitwayo Ada, akawaandikia wauzaji wa kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya prosesa. Mmoja alijibu upesi: siku hizi wanatafuta wateja nje ya jeshi, na watatupa bei ya kampuni changa. Hata hiyo bei inazidi kodi yetu ya mwaka. Naogopa mambo mawili. Lugha ya jeshi la Marekani itatufaa nini sisi? Na kama wauzaji wenyewe wanahangaika kutafuta wateja, si dalili kwamba lugha inakufa? Tununue, tungoje, au tubaki na C?"*

Ndugu yangu, jibu fupi ulipate mapema: msinunue sasa. Jifunzeni Ada bure, kwa kifaa kimoja kidogo, na mrudi kwa muuzaji siku mteja atakapoweka kwenye mkataba sharti ambalo hamwezi kulitimiza bila yeye. Hofu zako mbili zina msingi, ila zimeelekea pasipo. Lugha haifi. Linalopaswa kuwasumbua ni kulipia kitu ambacho mkandarasi wenu hajakiomba.

Tuanze na jeshi. Katikati ya miaka ya 1970 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilihesabu lugha zaidi ya 450 katika programu zake, nyingi zikitumika kwa mradi mmoja tu, kila moja na kompaila yake na watu wake wachache wa kuitunza. Mwaka 1975 ikaunda kikundi cha kuandika masharti ya lugha moja. Timu nne zilishindana chini ya majina ya rangi ili waamuzi wasijue ni kampuni gani, na mwaka 1979 ikashinda timu ya kijani ya CII Honeywell Bull, iliyoongozwa na Mfaransa Jean Ichbiah. Kiwango chake cha kijeshi kilipewa namba 1815, mwaka aliozaliwa Ada Lovelace, mwanahisabati Mwingereza ambaye lugha ilipewa jina lake. Lakini tangu 1987 Ada ni kiwango cha kimataifa cha ISO, namba 8652, na imeendelea kurekebishwa: kuna toleo la 95, la 2005, la 2012 na la 2022. Kitabu cha kiwango hicho kinasomwa bure, tofauti na viwango vingi vya ISO, na huhitaji ruhusa ya yeyote kuitumia.

Na imeshatoka kambini zamani. Ndege ya abiria ya Boeing 777 ina programu nyingi za Ada. Metro ya Paris, mstari wa 14 uliofunguliwa 1998, inakwenda bila dereva, na msimbo wa usalama wake ni wa Ada. Katika miaka ya karibuni NVIDIA, kampuni ya chipu, imechagua SPARK, ambayo ni sehemu ya Ada inayoweza kuthibitishwa kwa hesabu, kwa programu zake za ndani zinazogusa usalama. Hao wote walikuja kwa sababu kosa la programu lingewagharimu kuliko kompaila, wala hawakuvutiwa na jeshi.

Sasa kuhusu wauzaji wanaohangaika. Hapa inafaa kuelewa jinsi biashara ya kompaila inavyoendeshwa, maana ndipo utajua bei uliyopewa inatoka wapi. Kompaila ya vifaa vidogo huwa inakaa kwenye kompyuta ya mezani lakini inatoa msimbo wa prosesa nyingine. Kila jozi ya kompyuta na prosesa ni kazi mpya: msimbo wa prosesa ile, rantaimu yake (yaani programu saidizi inayobaki ndani ya kifaa na kusimamia kazi zinazokwenda sambamba, saa, na makosa), na majaribio yake. Zama jeshi la Marekani lilipolazimisha Ada, kompaila yake ilibidi ipite mtihani rasmi wa maelfu ya programu ndogo, na cheti kilitolewa kwa jozi maalumu na kilikuwa na tarehe ya kuisha. Gharama hiyo ni ileile ukiuza nakala kumi au elfu kumi. Jeshi lilikuwa mteja mzuri kwa sababu lililipa bei ya nakala chache, kisha likalipa matunzo kwa miaka 20 au 30 ambayo chombo kinatumika.

Mwaka 1987 wizara ile iliagiza Ada itumike katika mifumo yake, na baadaye Bunge la Marekani likaiwekea sheria. Mwaka 1997 amri ikaondolewa. Lakini wauzaji walianza kutafuta wateja wa kiraia zamani kabla ya hapo. Katika miaka ya 1980 Alsys, kampuni ya Ichbiah mwenyewe, iliuza kompaila ya IBM PC/AT, na kwa kuwa kompyuta hiyo haikuwa na kumbukumbu ya kutosha, kompaila ilikuja pamoja na kadi ya kuiongeza. Hebu fikiria unamshawishi mwenye kiwanda kidogo kwa bidhaa ya namna hiyo, wakati C inakuja pamoja na Unix na inakwenda kwenye mashine yoyote. Kompaila za mwanzo zilikuwa nzito, taratibu na ghali, na waandishi wa Ada walikuwa karibu wote kwenye miradi ya ulinzi. Soko la watu wa kawaida halikuja. Wauzaji wakaanza kumezana: Verdix ikaungana na Rational mwaka 1994, Alsys ikapitia mikono ya Thomson, ikawa Aonix, kisha Atego, ambayo PTC iliinunua mwaka 2014.

Waliosalia walifuata njia mbili. Ya kwanza ni kuhamia kwenye sekta ambazo sheria au bima inadai ushahidi wa usalama: ndege, reli, anga za juu, vifaa vya hospitali, na sasa magari. Ya pili ilianzia Chuo Kikuu cha New York. Mwaka 1992 Jeshi la Anga la Marekani lilikipa chuo hicho mkataba wa kutengeneza kompaila huria ya Ada juu ya GCC, mkusanyiko wa kompaila za bure. Ikaitwa GNAT, na mwaka 1994 walioiandika wakaunda kampuni inayojulikana leo kama AdaCore. Kompaila ni ya bure, wanachouza ni huduma. Siku hizi kampuni za namna hii zinauza pia huduma ya C na ya Rust, lugha mpya zaidi, kwa kuwa wateja wao wanachanganya lugha.

Kwa hiyo muuzaji aliyekujibu upesi hafanyi jambo geni. Ni desturi ya miaka 40 sasa. Na GNAT imo ndani ya GCC, hivyo hata kampuni zote za kibiashara zikifunga milango kesho, kompaila unabaki nayo. Kati ya sababu zote za kuogopa Ada, ya "itakufa" ndiyo dhaifu kuliko zote. Ningeogopa zaidi kwamba hapa Lubumbashi ukiondokewa na mwenzako anayeijua, kumpata mwingine ni kazi.

Basi ile bei mliyopewa ni ya nini? Ni ya vitu vinne, na lugha yenyewe haimo. Unalipia watu wanaojibu swali lako na kurekebisha kosa la kompaila. Unalipia orodha ya kasoro zinazojulikana za toleo unalotumia. Unalipia toleo la zamani liendelee kutunzwa, ili bidhaa mliyoiuza leo iweze kutengenezewa programu miaka kumi ijayo kwa kompaila ileile. Na mara nyingi kwa bei ya pembeni, unalipia rantaimu yenye faili la ushahidi ambalo mkaguzi wa ndege au reli atalisoma. Mtu anayehitaji hivi vinne analipa bila kunung'unika, kwa sababu kuvitengeneza mwenyewe ni ghali mara nyingi zaidi. Ninyi, kwa sasa, mnahitaji cha kwanza kidogo tu, na hicho mnaweza kukipata bure kwa jamii ya watumiaji.

Kuna dhana moja ya hatari, na kwenye barua yako naiona ikijipenyeza: kwamba kompaila yenye cheti hufanya programu iwe na cheti. Hapana. Mkaguzi wa usalama huangalia mfumo mzima, na kompaila ni mstari mmoja tu kwenye ripoti yake. Tarehe 4 Juni 1996 roketi Ariane 5 ililipuka sekunde 40 hivi tangu iwashwe. Programu ya kifaa chake cha kujua mwelekeo iliandikwa kwa Ada. Namba ya biti 64 yenye desimali ilikuwa inageuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Kwenye Ariane 4, kilikotolewa kile kifaa, thamani hiyo haikuweza kufika huko. Ariane 5 ina mwendo tofauti, ikafika. Kati ya namba saba za namna hiyo, nne zilikuwa na ulinzi na tatu ziliachwa kwa makusudi ili kutoilemea prosesa. Ada ilifanya ilichopaswa kufanya: ilitoa kosa. Ila hakuna aliyekuwa ameamua roketi ifanye nini kosa hilo likitokea, na kifaa kikajizima. Cha akiba kilikuwa na programu ileile na kilikuwa kimejizima sehemu ndogo ya sekunde kabla.

Mnadhani hayo ni ya roketi? Tuchukue pampu yenu. Sensa ya kina cha maji inayotoa mkondo wa 4 hadi 20 mA (miliampea), kipingamizi cha omu 250, Arduino Uno yenye kipimo cha 0 hadi 1023 kwa volti 5. Kwa hiyo 4 mA ni volti 1, inasomeka 205. 20 mA ni volti 5, inasomeka 1023. Tangi lina kina cha sentimita 300. Karibu kila mtu angeandika hivi, `ghafi` ikiwa ni namba inayosomwa kutoka kwenye sensa:

`int kina = (ghafi - 205) * 300 / 818;`

Kwenye Uno, `int` ina biti 16. Ghafi ikiwa 314, tofauti ni 109, mara 300 ni 32,700: salama, sentimita 39. Ghafi ikiwa 315, tofauti ni 110, mara 300 ni 33,000, imepita 32,767. Kwa kawaida namba inageuka kuwa −32,536, na kina kinaonekana −39. Tangi lina sentimita 40 za maji, programu inaona hasi, inadhani ni tupu, pampu inaendelea. Mkijaribu kwa ndoo mezani, na maji yasifike sentimita 40, hamtaliona kosa hili kamwe.

Kuna baya zaidi. Waya wa sensa ukikatika, ghafi ni 0. Tofauti ni −205, mara 300 ni −61,500, inazunguka na kuwa 4,036, ukigawa kwa 818 unapata 4. Kidhibiti kinaonyesha sentimita 4, namba inayoaminika kabisa, na pampu inasukuma maji mpaka mtu asikie yakimwagika, au mpaka foraji ikauke na mota iungue.

Kwa C kosa hili linatibika kwa neno moja: andikeni `(long)(ghafi - 205) * 300 / 818`. Nasema hivyo waziwazi ili msije mkadhani C ndiyo adui. Tatizo ni kwamba C haiwakumbushi. Hata maonyo ya `-Wall -Wextra -Wconversion` hayataligusa hili, kwa sababu kwa macho ya kompaila hesabu hiyo ni halali.

Kwa Ada unaanza kwa kutangaza ukweli wa tangi: `type Sentimita is range 0 .. 300;`. Unatangaza pia kwamba usomaji wa sensa isiyo na hitilafu uko kati ya 205 na 1023. Thamani yoyote inayotoka nje ya mipaka inasimamisha hesabu na kutoa `Constraint_Error`, badala ya kukuletea namba ya uongo. Ukipitisha msimbo huo kwenye `gnatprove` ya SPARK, unaambiwa kabla hata ya kuwasha bodi kwamba mstari fulani unaweza kufurika, au kwamba hujaeleza itakuwaje usomaji ukiwa chini ya 205. Hapo ndipo unalazimika kuandika kipande kilichosahaulika: chini ya 3.6 mA, yaani chini ya 184 hivi kwa kipimo chenu, waya umekatika, zima pampu na uwashe taa ya hitilafu. Kati ya 184 na 205, hesabu kuwa 0. Faida ya Ada kwenu iko hapo, na inapatikana bila kulipa.

Lakini kumbukeni Ariane. Kwenye vifaa vidogo rantaimu nyepesi haiwezi kurusha kosa juu hadi mahali linaposhughulikiwa mbali. Kosa lisilodakwa papo hapo linaishia kwenye utaratibu wa mwisho uitwao `last chance handler`. Ule wa kawaida unaokuja na kompaila haujui chochote kuhusu pampu yenu. Uandikeni wenyewe: ufungue relei, uandike namba ya kosa kwenye kumbukumbu, kisha uache saa ya ulinzi (watchdog) iwashe prosesa upya. Na mtu akiwashauri kutumia `-gnatp` ili msimbo uwe mwepesi, mwelezeni kwamba hiyo inazima ukaguzi wote, mkabaki na C iliyovaa shati la Ada.

Sasa njia mlizonazo. Ya kwanza hamkuitaja, nami naiona inafaa kuliko zote kwa kazi za mgodini: otomate ya viwandani (PLC), yaani kompyuta ngumu iliyotengenezwa tayari kuendesha mitambo. Mkandarasi wa migodi ana fundi wa zamu ambaye saa nane usiku atafungua sanduku, ataunganisha kompyuta yake na kusoma ngazi za mantiki. Kidhibiti chenu cha Ada au cha C hawezi kukisoma. Otomate ina vipuri, ina kinga ya viunganishi, na moja ya lugha zake za kiwango cha IEC 61131-3, ile ya maandishi, ni ya ukoo wa Pascal kama Ada: `IF ... THEN ... END_IF;`. Mkijifunza nidhamu ya Ada, mkono wenu hautakuwa mgeni huko. Kwa kazi za mkandarasi, anzeni hapo. Kwa vituo vya afya na shule, ambako bei ya otomate inaweza kuua mradi, endeleeni na bodi ndogo.

Kubaki na C ni chaguo la heshima, ila kwa masharti: aina za namba zenye ukubwa ulio wazi kama `int32_t`, kanuni za MISRA C (za kuandika C kwa usalama) angalau zile mnazozielewa, kikaguzi kama cppcheck kila mnapojenga, na mtu wa pili anayesoma kila mstari. Rust nayo ni nzuri, ila kwa kikundi cha watu wanne kinachotoka C, naona Ada inasomeka haraka zaidi kwa mtu wa mitambo.

Mkitaka kujaribu Ada, chukueni bodi ya STM32F4 Discovery badala ya Uno, kwa sababu rantaimu yake inakuja tayari na kompaila. Wekeni Alire, chombo cha bure cha kupakua kompaila na maktaba. `alr toolchain --select` itawapa orodha. Chagueni `gnat_arm_elf` na `gprbuild`. Upakuaji ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo msianze na mega za simu: tafuteni mtandao wa chuo au wa ofisi, mkishapata hifadhini nakala kwenye diski ili kompyuta nyingine isipakue tena. Kisha `alr init --bin pampu`, na ndani ya faili la `pampu.gpr` ongezeni mistari miwili:

`for Target use "arm-eabi";`
`for Runtime ("Ada") use "light-tasking-stm32f4";`

Halafu `alr build`, na `alr with gnatprove` mkifika hatua ya uthibitisho. Angalieni kipingamizi: bodi hiyo inapima kwa volti 3 hivi, na omu 250 itaipelekea volti 5 na kuunguza pini yake. Tumieni omu 120, mtapata volti 0.48 hadi 2.4, na namba zote za hapo juu mzihesabu upya.

Andikeni upya kidhibiti kimoja tu, kile cha tangi, na mkiendeshe sambamba na cha C kwenye tangi moja kwa mvua na kwa kiangazi. Msimu wa radi hapa kwetu, Novemba hadi Machi hivi, utawafundisha mengi ambayo lugha yoyote haiwezi kuyazuia: umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukishuka bila kukatika, prosesa inafanya mambo ya ajabu, kwa hiyo washeni ulinzi wa volti ndogo ndani ya chipu. Relei iwe ya kufungua ikikosa umeme, na floteri (swichi inayoelea) ya kiwango cha juu iungwe mfululizo na koili ya kontakta (swichi kubwa inayowasha mota), nje kabisa ya programu. Programu ikikosea, maji yenyewe yatazima pampu. Isipokuwa pampu ya zimamoto: hiyo ikizima ndipo hatari inapoanza, na mantiki yake ni kinyume.

Leseni nayo isomeni vizuri. Kompaila za Alire zinatokana na GCC, na rantaimu yake ina ruhusa maalumu inayowaacha muuze bidhaa bila kutoa msimbo wenu. Mkikuta kwenye diski ya mtu toleo la zamani lililoitwa GNAT GPL au GNAT Community, ambalo la mwisho lilikuwa la 2021, rantaimu yake haina ruhusa hiyo. Bidhaa mtakayoisambaza inabebwa na masharti ya GPL. Kwa kujifunzia halina shida. Kwa kuuza, liacheni.

Muuzaji yule msimtupe. Mjibuni kwa adabu na mumuulize haya kwa maandishi: bei ni ya mwaka au ya kudumu, tukiacha kulipa, tunaweza kuendelea kujenga programu kwa toleo tulilonalo, idadi ya chini ya watumiaji ni wangapi, prosesa yetu hasa imo kwenye orodha, pamoja na rantaimu gani, faili la ushahidi limo kwenye bei au ni la pembeni, toleo moja linatunzwa miaka mingapi. Ombeni muda wa majaribio, na ulizeni kama huduma inapatikana kwa Kifaransa. AdaCore, kwa mfano, ina ofisi Paris, na saa ya Paris ni ileile ya Lubumbashi wakati wa kiangazi cha Ulaya, na nyuma kwa saa moja wakati wa baridi yao, kwa hiyo simu ya asubuhi inapokelewa. Asiyejibu waziwazi lile swali la kuacha kulipa, muacheni.

Na mkandarasi naye ulizwe. "Karatasi za kuthibitisha" ni maneno mapana. Mwombeni ataje kiwango. Akisema hana kiwango akilini, mara nyingi anachotaka ni maelezo ya utendaji, yale ambayo mainjinia wetu wanaita analizi fonksionele, mchoro wa nyaya, orodha ya majaribio yenye matokeo na sahihi, na daftari la mabadiliko ya kila toleo. Hizo mnaweza kuziandaa ndani ya wiki chache kwa lugha yoyote. Akitaja IEC 61508, kiwango cha kimataifa cha usalama wa mifumo ya elektroniki, na daraja lake la usalama liitwalo SIL, mambo yamebadilika, na hapo msijaribu peke yenu kwa kusoma kwenye intaneti. Tafuteni mhandisi wa usalama wa mifumo aliyewahi kupitisha mradi kama huo, aje aone mtambo wenyewe kabla hamjaandika mstari hata mmoja. Fanyeni vivyo hivyo kwa chochote ambacho kikikosea mtu anaumia: winchi ya kuteremsha watu mgodini, feni za hewa chini ya ardhi, boila, oksijeni ya hospitali. Kazi hizo msizikubali kwa bodi ndogo, hata mteja akisisitiza na hata pesa ikiwa nzuri. Kwa nyaya za ardhini na kinga ya radi, muiteni fundi umeme mwenye kipimo cha ardhi mkononi, apime kila mahali mnapofunga kifaa. Na mkataba wa leseni ukifika mezani, mpelekeeni mwanasheria anayesoma mikataba ya kigeni kabla ya kutia sahihi, hasa kifungu cha kujirefusha chenyewe kila mwaka.